Sufuria ya Mama Furaha

Burungu, Jumatano jioni

Gari ao ndege? Leo kisingizio changu kizuri kimekufa.

Huu mgongo umenigeuza mguu wa kushoto kuwa gogo la kukokota. Daktari alisema wazi: nipasuliwe Nairobi, tena nipande ndege kutoka Kigali, maana safari ndefu ya gari mpaka Nairobi inaweza kuumaliza mguu kabisa.

Mimi nikajibu haiwezekani. Bibi yangu wa ndoa, Mama Furaha, njo garde-malade wangu, mwenye kuniuguza. Lazima aende na sufuria yake kubwa, mbabula ya makaa na maharagwe ya shamba letu, anipikie hospitalini kama wagonjwa wote wanavyopikiwa huku kwetu. Ndege itabeba hayo yote? Watu wa kanisa walinihurumia. Nilijiona mwerevu sana.

Leo mchana Mama Furaha ameipeleka sufuria kwa dada yake, na mbabula pia. Akarudi mikono mitupu, akaketi mbele yangu.

"Papa Furaha, chakula tutanunua kulekule. Sasa sema, nini inakuzuia kupanda ndege?"

Nikaangalia sahani yangu.

"Naogopa."

Mimi, mzee mwenye mvi, ninayefukuza ng'ombe dume wa watu kwenye mihogo yangu!

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. "Hata mie naogopa, Papa. Tutashikana mikono."

Mguu unauma kama jana. Kesho nitamwomba kaka yangu wa Goma atutafutie viti viwili. Cha dirishani nitamwachia Mama Furaha, kwa heshima.