Mkono Niliounyoosha kwa Ajili ya Kiyidishi

Toronto, Kanada

Dada Kabula,

Shikamoo. Heshima yako ipo palepale kwa sababu wewe ndiye mkubwa wangu, lakini usidhani hasira yangu imeisha. Miguu ya mama yetu, Mayu, inaendeleaje? Mvua zimeshaanza hapo Mpanda? Na Mayu anapata mtu wa kuongea naye siku hizi, au bado anaongea na kuku uani? Mimi mwili hauumwi. Roho ndiyo haijatulia.

Naandika kwa sababu simu ulinikatia. Nilikuomba umwache Mayu awafundishe Brayani na Gloria Kisukuma, ukasema, "Sikuwalipia watoto wangu shule ya Kiingereza ili waje kuongea lugha ya kuchungia ng'ombe." Halafu kimya. Dada, baada ya kumzika Baba ulimtoa Mayu kijijini Majimoto, ukampa chumba kizuri na godoro jipya, kisha ukawakataza wajukuu zake wasiongee naye kwa lugha pekee anayoijua vizuri. Hiyo ni jela yenye godoro.

Sasa nikueleze yaliyonipata kazini, maana huenda yakafika hadi mlangoni kwako. Unajua mimi ni karani wa shule ndogo ya Wayahudi, ile ya Jumapili. Shemeji aliwahi kuniuliza kama wananisalisha. Hawa hawasali kabisa. Shule yao ilianzishwa zamani na mafundi cherehani waliohamia hapa kutoka Ulaya Mashariki, watu wa vyama vya wafanyakazi na migomo. Mchana walishona makoti ya matajiri, jioni wakawafundisha watoto Kiyidishi, lugha yao ya nyumbani na sokoni, ili mtoto aliyeshika Kiingereza asije kumwonea aibu mama yake. Hadi leo ukutani kuna picha za wagomaji, na Mei Mosi watoto wanaandamana wakiimba kwa Kiyidishi. Wayahudi wengine, wale wanaosali, wanawaita makomunisti na hawawapi hata salamu.

Mwezi uliopita wazazi waliitisha mkutano. Anayewaongoza ni Bwana Alan, mwanasheria, na huyohuyo ndiye aliyeahidi kunidhamini kibali changu cha kazi kitakapokwisha. Alitaka Kiyidishi kifutwe, watoto wafundishwe kompyuta.

"Tunawafundisha watoto wetu kuongea na makaburi," alisema.

Bi Rokhl, mwalimu mzee wa Kiyidishi, alimjibu bila kuinuka kwenye kiti. "Makaburi hayo ndiyo yaliyokusomesha uanasheria, kijana."

Mzazi mmoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Nyamaza, bibi! Usovieti ulishafungwa!"

"Na mdomo wako utafungwa lini?"

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, cha watu wanaotaka kushikana mashati. Mimi niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekumbuka ng'ombe wa Baba, wale waliouzwa mnadani Majimoto ili wewe uende chuo.

Pale hakuna kura ya siri. Kila kitu kinaamuliwa kwa mikono, mbele ya macho ya watu wote, na karani ndiye anayehesabu. Nikahesabu. Mikono ililingana. Nikarudia, bado ikalingana. Bwana Alan akasema basi yeye kama mwenyekiti ataamua.

"Na karani je?" akauliza Bi Rokhl. Mafundi cherehani waliweka kanuni kwamba yeyote anayefanya kazi katika nyumba hiyo ana kura yake, hata mfagiaji.

"Hana mtoto hapa," akasema Bwana Alan.

"Ana jasho hapa. Kanuni ni yake kuliko yako."

Bwana Alan akanigeukia, akatabasamu. "Amua unavyopenda, rafiki yangu. Hii si lugha yako."

Dada, lile tabasamu nililielewa. Niliweka kalamu mezani. Unajua nilivyo mwoga, tangu utotoni wewe ndiye uliyenitangulia nje gizani. Nikanyoosha mkono kwa ajili ya Kiyidishi.

"Kahongwa chai ya bibi!" mtu akapayuka.

Bwana Alan akataka sababu. Nilisema tu, "Mama yangu hana wa kuongea naye."

Kwa hiyo Kiyidishi kimebaki. Bwana Alan alinisubiri mlangoni, akasema kwa upole, "Tafuta mdhamini mwingine." Tangu hapo kila bahasha ikifika naogopa kuifungua. Bi Rokhl anasema shule itapiga kura kuhusu kibali changu pia. Hawa watu wangelipigia kura hata jua. Lakini uhamiaji hawahesabu mikono ya bibi.

Nisamehe kama nimevuka mpaka kwa maneno. Niliyoyasema siyafuti. Nilisimama kutetea lugha ya bibi wa mtu mwingine mbele ya wageni wanaonichukia, halafu wewe unaninyima ya mama yetu.

Nisalimie shemeji dukani, na mdogo wetu Holo aliyebaki shambani Majimoto. Msalimie na mama Ashura, jirani yako anayemletea Mayu maziwa, maana angalau yeye anakaa naye kidogo hata kama hawaelewani lugha.

Jumapili nitapiga tena. Mpe Mayu simu, na watoto wakae karibu. Nitawaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kama hawajui kuitikia nitasubiri Mayu awafundishe. Ukitaka kukata, kata. Kibali kisipopatikana nitarudi, sina pengine pa kufikia ila kwako, nami nitalala chumba cha Brayani na Gloria. Huko hakuna simu ya kukata.

Mdogo wako,
Maduhu