Ilikuwa Rangi, Baba Masanja

Baba Masanja, uliyekuwa mume wangu,

Salamu sikuletei. Wazee uliowatuma huku Nyarugusu nimewapikia ugali, wakala, wakasema unataka nirudi Shinyanga. Jibu langu ndilo hili, na wakusomee kwa sauti.

Unaikumbuka ile tela ya lori lako? Msimu wa pamba ulikuwa unakaribia, ukaipaka yote rangi ya kijani, hata boliti hukuziacha. Nilikushikia kopo huku nikicheka, maana ulijipaka mpaka masikioni. Tulipendana siku zile, sikatai.

Jioni ukawasha taa zake za nyuma. Zikawaka kidogo, zikafa. Ukabadilisha globu, zikafa. Ukavuta waya mpya kutoka kwenye lori, wapi! "Hapa kuna mkono wa mtu," ukasema. Ukaenda kwa mganga, ukarudi na jina la mama yangu, kisa eti macho yake mekundu.

Ebo! Mama amepikia moto wa samadi kavu maisha yake yote, kwa moshi ule macho yangekuwa meupe? Tena mkwe hatazamwi usoni. Wewe mwenyewe ukimwona njiani ulikuwa unaingia vichakani umpishe. Hayo macho uliyaonea wapi? Lakini ulisimama gulioni ukamwita mchawi, watu wakaja nyumbani kwake na fimbo. Nilimtorosha kwa mlango wa uani mpaka huku, hana hata kanga ya kubadili.

Linalonichoma ni hili. Niliporudi kuchukua vyombo, nilikukuta chini ya tela na kisu, unakwangua rangi pale waya unapofungwa kwenye chuma. Rangi yako ndiyo iliyozuia umeme! Ukakaza boliti, taa zikawaka nyekundu pyu. Wekundu huo hukuuogopa. Nikakuambia, "Nenda kawaambie watu." Ukajifuta mikono. "Yamepita hayo, Mama Masanja." Ukapakia pamba, ukaenda zako.

Yamepita kwako. Mama huku akiona watu wawili wananong'ona kisimani, anageuza na debe lake tupu. Namchukia aliyemfanya hivyo, na aliyemfanya hivyo ni wewe.

Kurudi nitarudi. Ila kwanza simama palepale, siku ya gulio, useme kwa sauti ileile: "Ilikuwa rangi, na niliipaka mimi." Ukishindwa, hiyo tela ndiyo ikupikie.

Mimi,
Binti wa uliyemwita mchawi