Uyoga wenye kifuko cheupe

Mama, uyoga tuliouokota asubuhi shambani ni wa aina gani? Mimi mwanao sijui bado, ingawa ninasoma biolojia chuo kikuu.

Archange, mdogo wangu, msomee Mama barua hii polepole. Ongeza maji kwenye maharagwe. Mdogo wetu Élysée anawe mikono kwa sabuni, kwani aliushika uyoga.

Mama, nisamehe kwa kukubishia mbele ya majirani. Uliniambia: "Nilianza kukula buyoga mbele weye uzaliwe! Université njo inakufundisha kuogopa chakula?" Wote walicheka. Lakini uyoga wa kwetu Walikale una mzizi mrefu unaoshuka ndani ya kichuguu. Huu hauna mzizi. Chini ya shina kuna kifuko cheupe, kama cha uyoga wenye sumu. Tangu vita vitulete huku Kalembe, bado tunaokota kwa macho ya kule.

~~Pikeni kidogo, muonje.~~ Hapana, msionje.

Ninampelekea mmoja Mama Consolée, mwenye shamba, aliyezaliwa katika kilima hiki. Uliobaki nimeufukia nyuma ya choo. Najua watoto wamechoka na maharagwe matupu. Hata hivyo, mpaka Mama Consolée atufundishe uyoga wa hapa, nyumba hii haitakula uyoga.

Dada mkubwa,
Virginie