Kifundo Changu na Penalti ya Mkongo

Soweto, Johannesburg

Mdogo wangu Mwanaidi,

Nina miaka sabini na mbili. Nimewazika makocha wangu wote, na magolikipa wote niliogombea nao namba, na bado nadaka. Wewe hujambo? Magoti yanasemaje? Shemeji kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Sasa sikiliza habari ya ule mguu nilioutegua mazoezini. Si ulinipigia simu ukasema nikandwe na maji ya moto na chumvi, kama alivyotukanda mama? Nikamlazimisha mke wangu akande kwa nguvu. Eish! Asubuhi kifundo kimevimba kama papai. Timu yetu ya wazee ikampa jirani glavu zangu, na mechi na Wakongo wa Yeoville hiyo inakuja.

Kliniki wakapiga picha, mfupa mzima. Binti wa mazoezi ya viungo akashika kisigino, akakivuta mbele, akalinganisha na mguu wa pili.

"Baba, kano za pembeni zimechanika. Nani alikukanda?"

"Kwetu ndiyo dawa."

"Mguu unavuja damu ndani, nyinyi mnaupika kwa maji ya moto?"



Ikawa barafu na bandeji. Uvimbe ulipopungua akanifundisha kusimama kwa mguu ule mmoja. Nasimama nikipiga mswaki, nasimama kwenye foleni ya spaza, kiduka cha mtaani, mke wangu anacheka, "Korongo kaamka!" Jirani akaja kujigamba na glavu. Nikamwambia azifue vizuri, nazitaka safi.

Binti akanirukisha, akanikimbiza, mpaka mwenyewe akasema, "Baba, kacheze." Uwanjani Wakongo wanaimba, "Madala, omba kiti!" Madala huku ni mzee. Tukatoka sare, zikaja penalti. Ya mwisho akapiga kinyozi wao, ana shuti huyo! Nikajisukuma kwa mguu uleule uliochanika, nikaruka, nikaupangua mpira. Tumeshinda! Kinyozi akanikumbatia: "Papa, uko mutu ama chui?"

Msalimie shemeji, na binamu yetu fundi cherehani. Mpwa wangu mwalimu anayekusomea barua hii, asiruke neno. Na mtu akiteguka huko, msimkande, mwekeeni kitu cha baridi.

Najua utasema naongeza maneno. Basi muulize wifi yako. Tangu nilipomwoa hapo Morogoro, yeye na wenzake wa Afrika Kusini wakiwa bado uhamishoni, hajanisifia hata siku moja. Siku ile alivua kitambaa kichwani akakipeperusha, uwanja mzima ukaona mvi zake.

Kaka yako, golikipa,
Rajabu