Pikipiki ya Askari ni Yangu Sasa

Jumatano, 5 Machi 2025
Nimeinunua! Mnadani Busia, katikati ya magari mabovu ya serikali. Pikipiki ya askari, ya buluu, kiti kimepasuka, lakini injini yake inazishinda zote za steji yetu ya bodaboda. Nilipoinua mkono wanaume walicheka. Mmoja akauliza bwana wangu yuko wapi. Nikauinua tena. Pesa ya ng'ombe imeisha yote — na ng'ombe alikuwa wangu. Nimeiendesha hadi Malaba nikicheka peke yangu.

Mama alikuwa uani anapepeta wimbi. Ameiona, ameingia ndani.

Alhamisi, 6 Machi
Mama amesema hapandi. Hata akiugua, nimbebe na mkokoteni.

Najua sababu. Nilikuwa darasa la nne walipomkamata na ajono, pombe ya wimbi iliyonilipia karo. Walimkalisha katikati ya askari wawili, kwenye pikipiki ya buluu kama hii, wakampitisha sokoni polepole. Makusudi! Nilisimama kando ya barabara na sare yangu ya shule. Mama hakuniangalia.

Ndiyo maana niliitaka hii. Si nyingine.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeipaka rangi nyeusi. Mama: nyoka akivua gamba, si bado ni nyoka?

Stejini, abiria hakuna. Mzee mmoja ameniuliza nampeleka nyumbani ama selo. Etyang, mwenyekiti wetu, amekasirika. "Dada, hii kitu inatufukuzia customer. Uza, ama utafute stage ingine." Nimemwambia steji si ya babake. Pengine nimezidisha. Sijuti!

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Rangi ya bei rahisi, ptuu! Imebanduka kwenye tangi na herufi za zamani zimerudi: POLI. Sasa steji nzima inaniita Afande. Naitika.

Mwalimu mmoja wa Moding amepanda, eti angalau hii haitasimamishwa njiani. Baada yake wengine. Etyang amenuna.

Jumatano, 12 Machi
Imesimamishwa.

Hapa sokoni. Askari anasema najifanya polisi. Nimemwonyesha risiti ya mnada, jina langu hili hapa, Among. Ameisoma, amenirudishia. "Bado tutaichunguza. Shuka, iache hapa."

Nikishuka, sitaiona tena ikiwa nzima. Nimezima injini, ufunguo nimeuficha kifuani. Sishuki. Naandika juu ya tangi, juu ya hiyo POLI, mikono ipate kazi. Naogopa, ndiyo. Lakini nimekaa.

Etyang amepita. Amepunguza mwendo, ameangalia, ameenda zake. Mwoga!

Askari amepiga simu, wenzake wanakuja. Soko lote limetuzunguka. Wauza nyanya wananiambia nishuke, serikali haishindwi. Sishuki!

Mama huyo. Amepenya katikati ya watu na kikapu chake cha wimbi. Nimedhani amekuja kunivuta nishuke. Askari amemwambia, "Mama, toka hapa." Kikapu amenipa mimi. Amekunja gauni, ameshika bega langu, amepanda nyuma. Mbele ya soko lote.

"Sogea mbele kidogo," amesema. "Nikae vizuri."

Nimesogea. Wenzake yule askari ndio hao wanafika —