Siku Bwana Vincent Alipoketishwa Nyuma

Kilburn, London
Novemba, 2002

Dada yangu mpendwa Agnesi,

Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko Soni isiwe imekurudishia kile kikohozi chako. Mama magoti yanamwendeaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mama mmoja wa Korogwe aliyekuwa akirudi nyumbani, ilifika? Mimi mwili hauna neno. Kazi ya hospitali ni ileile, nasukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji na kuwarudisha. Mabega yameshazoea.

Moyo ndio haujatulia. Wiki iliyopita nilishuhudia jambo kanisani ambalo hadi leo likinijia nasimama nilipo, nasahau hata nilikuwa nakwenda wapi. Nakuandikia mbiombio kwa sababu Mama Neema alikuwepo. Unamkumbuka, aliyekuwa akiongoza kwaya ya akina mama kabla hajamfuata mumewe huku. Sasa wanakaa Croydon. Mama Neema ana simu, na ana mdomo. Nataka habari hii uisikie kwangu kabla hujaisikia kwake, tena uisikie tangu chanzo chake.

Chanzo ni vitabu. Wewe ndiye uliyenitia ugonjwa wa hadithi, ukinisomea jikoni huku ukipepea moto kwa mkono wa pili. Kila barua unaniuliza nasoma nini, nami kwa muda sasa nakujibu kijuujuu. Leo nakujibu.

Chini ya chumba changu wanaishi wazee wawili weusi. Tuseme walikuwa wakiishi. Bwana Lloyd alizaliwa Jamaika, alikuwa kondakta wa mabasi hadi alipostaafu. Bwana Vincent ni mtu wa Barbados, fundi cherehani. Mwenye nyumba yangu aliniambia ni mtu na binamu yake, nikaamini. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa wao ndio walionigongea mlango wakanipa blanketi na bakuli la mchuzi wa mbuzi wenye pilipili ya kutoa machozi.

Jumamosi moja Bwana Vincent akaniomba nimsaidie kubeba sufuria ya wali na maharage hadi maktaba, kwa kuwa wana kikundi cha kusoma riwaya. "Wewe si mpenda vitabu? Kaa usikilize," akaniambia. Nikakaa. Chumbani walikuwa wanaume peke yao, weusi wote, watu wa visiwa vya Karibi, Wanigeria, Mghana mmoja, na mmoja wa Bukavu. Wote wameshika riwaya moja ya Mmarekani mweusi. Nilidhani ni habari za utumwa au za vita. Kumbe ni habari za mwanamume mweusi anayetafuta mtu wa kupendana naye na kuzeeka naye, na mtu huyo ni mwanamume mwenzake.

Dada, nilishikwa na ganzi. Kwetu neno la watu hao unalijua, sitaliandika hapa, halitamkwi pasipo kutema mate. Sikuwahi kufikiri kwamba maisha yao yanaweza kupigwa chapa yakawekwa kwenye rafu ya maktaba, karibu na vitabu vya mapishi. Na hapo mwanasheria mmoja Mnigeria, anaitwa Femi, amevaa suti yake safi, analalamika kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu:

"Amekufa tena! Kila kitabu ni hivi. Mmoja lazima afe, au aoe, au amkimbie mwenzake. Hakuna hata kimoja ambamo wanabaki?"

"Wakibaki hakuna hadithi," akasema Bwana Lloyd. "Nani atanunua riwaya ya wanaume wawili wanaogombania nani aoshe vyombo?"

"Mimi ningenunua," akadakia Bwana Vincent, "nione kama humo namo wewe ndiye usiyeosha."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikabaki nimekodoa macho, maana ndipo nilipoelewa. Wale wazee hawakuwa binamu. Walikuwa wakiishi pamoja tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimekula mchuzi wao, nimelala kwenye blanketi lao, na sikuona kitu.

Nilirudi nyumbani nikajiapiza sikanyagi tena pale. Mwezi uliofuata nilifika kabla ya wote. Sijui nikueleze vipi. Yule mtu wa kitabuni alikuwa akiyasema mambo niliyokuwa nikiyasema moyoni tangu niko sekondari pale Lushoto, mengine neno kwa neno, na mimi sikuwahi kumfungulia mtu. Unasoma ukurasa halafu unatazama mlangoni kuona nani amekuchungulia.

Yule wa Bukavu anaitwa Dieudonné. Anasafisha maofisi. Kiingereza kilikuwa bado kinampiga chenga, kwa hiyo wakaniweka karibu naye nimtafsirie kwa kunong'ona. Tukafika mahali ambapo huyu mtu wa kitabuni anamngoja mwenzake kituoni, mvua inampiga. Nikakwama. Nilikuwa nahangaika kutafuta maneno ya kumwonyesha kwamba anayengoja ni mwanamume na anayengojwa ni mwanamume, na aibu imenikaba. Dieudonné akaniwekea kiganja juu ya mkono.

"Sema tu, yeye anamungojea yeye," akaniambia. "Kiswahili haiulizake kama ule ni mwanaume ao mwanamuke."

Nikaendelea kusoma. Alisema kweli. Sentensi ilipita kinywani bila kujikwaa. Mkono wake hakuuondoa.

Kila barua unaniuliza, "Samweli, lini utatuletea mtu?" Mtu yupo, dada. Ndiye huyo. Hana makaratasi bado. Huitwa kwenda kujiripoti kwenye lile jengo la uhamiaji kule Croydon, nami humsindikiza, nasimama nje nikitazama mlango mpaka atoke.

Nimeliandika. Vuta pumzi, kisha endelea kusoma, maana sijafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita Bwana Lloyd alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Aliletwa hospitali yetu na mimi ndiye niliyemsukuma hadi wodini, Bwana Vincent akitukimbilia nyuma na kiuno chake kibovu. Pale mapokezi Bwana Vincent akaulizwa, "Wewe ni nani wake?" Akasema, "Rafiki." Basi wakampigia simu mtoto wa kaka yake Bwana Lloyd, anaitwa Clive, yuko Birmingham, mtu ambaye sijawahi kumwona akikanyaga Kilburn hata Krismasi. Tangu hapo kila jambo aliulizwa Clive. Bwana Lloyd alifariki alfajiri moja na Bwana Vincent alipewa habari na mimi, ngazini, nikitoka kazini. Nilidhani ameshaambiwa.

Clive akaja akachukua funguo za flati yao. Bwana Vincent alikuwa amemshonea marehemu suti ya kijivu, ameitoa amepiga pasi, ameiweka kitandani. Clive akasema hapana, atanunua mpya. Akapanga mazishi kwenye kanisa la wakwe zake huko Croydon, na siku yenyewe hatukuambiwa. Femi ndiye aliyeipata baada ya kupiga simu kwa kampuni za mazishi moja baada ya nyingine.

Tulikwenda kikundi kizima, tumevaa makoti yetu mazuri. Mlangoni Clive akamtazama Bwana Vincent akasema, kwa sauti ya adabu kabisa, "Viti vya mbele ni vya familia, mzee." Tukaketi safu ya mwisho, kwenye upepo wa mlango. Na nani nikamwona kwenye kwaya, amevaa joho la zambarau? Mama Neema. Naye akaniona, akanitabasamia.

Mchungaji akaanza kumsifu marehemu. Mchapakazi, mtu wa watu. Halafu akasema, "Ndugu yetu Lloyd hakujaliwa kupata mwenza. Aliishi mpweke, lakini Bwana hakumwacha katika upweke wake."

Bwana Vincent akainuka. Aliinuka taratibu, ameshika kiti cha mbele yake.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Hakuwa mpweke. Alikuwa na mimi."

Clive akageuka, uso umemwiva. "Kaa chini, mzee. Usituaibishe." Bwana Vincent hakukaa. Femi akasimama kando yake. Akasimama yule Mghana, akasimama Dieudonné, safu nzima ikasimama, mimi peke yangu nikabaki kitini. Nilikuwa namtazama Mama Neema, na tabasamu lake lilikuwa limeshakwisha.

Mbele kabisa alikaa dada wa marehemu, Bibi Pearl, kikongwe aliyesafirishwa kutoka Jamaika kwa ajili ya mazishi. Kwenye kiti cha ubavuni mwake alikuwa ameweka mkoba wake. Akaunyanyua, akaupakata. Wala hakumtazama Clive.

"Vincent," akaita, "unamchelewesha mchungaji. Njoo ukae."

Nikaona Bwana Vincent anayumba. Aliniambia baadaye kwamba yeye na yule mama hawajawahi kuonana, hata kwa picha. Bibi Pearl alilijua jina lake kwa sababu Lloyd alikuwa akilitaja kwa dada yake miaka yote hiyo, na Lloyd hakuwahi kumwambia Vincent kwamba analitaja. Vincent alidhani duniani hakuna ndugu anayejua habari zao.

Kiuno kilikuwa kimemwachia, asingeweza kufika mbele peke yake. Namna nilivyosimama siijui. Nilijikuta nimemshika mkono na tunakwenda katikati ya kanisa, watu wametugeukia kulia na kushoto, viatu vyetu vinalia sakafuni. Tukapita mbele ya kwaya. Nikamfikisha, akaketi, Bibi Pearl akampa kitambaa chake. Ndipo mchungaji akafungua tena Biblia.

Nje, baada ya ibada, Mama Neema akanijia bado amevaa joho.

"Samweli mwanangu, hawa watu ni nani wako?"

"Ni watu wangu, mama."

"Usinifumbie. Na wewe umo?"

Nilikuwa na uwongo tayari. Nilikuwa na kadhaa, wa jirani mwema, wa mfanyakazi wa hospitali. Nikasikia sauti yangu inasema, "Nimo, mama."

Akafumba macho. Akauliza, "Mama yako anajua?" Nikamjibu bado. Akasema, "Basi Mungu akusaidie," akaondoka. Tangu siku ile natafakari kama aliniombea au alinilaani, na sijapata jibu. Kilichonishangaza kuliko vyote ni mimi mwenyewe, kwamba niliweza kulisema mchana kweupe, barazani pa kanisa, kwa mtu wa Soni.

Bibi Pearl hakulala kwa Clive. Alikuja Kilburn kwa teksi, akamwamuru Clive arudishe funguo, akakaa siku kadhaa akinywa chai na Bwana Vincent na kumsikiliza. Amesharudi kwao. Flati ile ni ya halmashauri ya mji, ilipangwa kwa jina la Bwana Lloyd, na sheria ya hapa haimtambui Bwana Vincent kama chochote, kwa hiyo halmashauri inaweza kumtoa. Femi anapambana nayo. Sisi tunapokezana kumpelekea chakula. Jana nilimkuta anaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sasa najua unasoma umekaa kwenye kile kiti chako dirishani na pengine umeshaiweka barua chini mara mbili. Sikuombi ufurahi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, lakini uandike wewe, kwa mkono wako, usinitumie maneno kwa mtu. Kuhusu mama, wewe ndiye unayeishi naye na unayemjua moyo wake. Ukiona umwambie, mwambie. Ukiona Mama Neema ameshamfikia, basi kaa karibu naye siku hiyo. Nikinyamaziwa nitaelewa pia, ila nakuomba usininyamazie.

Msalimie mama, umkumbatie kwa niaba yangu hata kama hujamwambia kitu. Msalimie shemeji Baraka na wale wanao, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona ila kwa picha. Mjomba Yakobo seremala mwambie ile randa aliyoniagiza nimeipata, nitamletea nitakapojaliwa kuja. Wasalimie walimu wenzako wanaonikumbuka, na jirani yetu Mama Sechonge anayemtekea mama maji.

Dieudonné yupo hapa jikoni anamenya viazi. Ameniuliza naandika kwa nani, nikamwambia, kwa dada. Anataka kukutumia salamu na ameuliza akuite nani, kama anaruhusiwa kusema shemeji. Nimemjibu asubiri kwanza. Neno hilo si langu kulitoa, ni lako.

Mdogo wako asiyekusahau,
Samweli