Ulimwambia Umeshiba

Baraka mjukuu wangu,

Hapa Guangzhou tu wazima, na shangazi yako amejifungua binti. Lakini barua yako kutoka Japani imenikasirisha. Eti familia unayokaa nayo ni wachoyo, walikutembeza kutwa nzima na njaa yako! Si umeandika mwenyewe kwamba yule mama mwenyeji wako alikufungulia chakula njiani, ukamwambia umeshiba?

Ulingoja kubembelezwa, kama ilivyo desturi kwetu. Hata mimi, ujanani, kwenye kiwanda cha mikoba kule Shiling, huku huku China, mke wa bosi, asiyejua desturi yetu, alinikaribisha wali. Nikakataa, nikingoja anisihi. Akala mwenyewe mbele yangu! Nilimnunia mwaka mzima, mjinga mimi.

Kosa lake lilikuwa moja: aliliamini neno langu.

Kamwombe radhi mama huyo kabla hujala kwake tena.

Bibi yako